Manga Nilizozisoma, na Zilipoishia

Kaa na wapenzi wa manga, yaani katuni za vitabu za Kijapani, popote, Dar au Nairobi, na dakika tano hazipiti kabla ubishi haujaanza: Goku wa Dragon Ball na Saitama wa One Punch Man wakikutana, nani atampiga mwenzake? Ubishi huo nauacha kwa wenye nguvu zao. Mimi nina kipimo kimoja tu: hadithi ilijua pa kuishia? Michoro inaweza kukutoa udenda na mapigano yakakukosesha usingizi, lakini kama mwandishi hakujua anakoelekea, mwisho wa safari unabaki umekunja uso tu, bando limeisha na kesho asubuhi kazini.

Kabla sijaanza kugawa maksi, wachoraji watendewe haki. Nyingi ya kazi hizi hutoka kwanza kwenye majarida ya kila wiki. Weekly Shonen Jump ya kampuni ya Shueisha, ambayo katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa ikichapa zaidi ya nakala milioni 6 kwa toleo, hutaka kurasa kama 19 kila wiki kutoka kwa mchoraji mmoja na wasaidizi wake. Wasomaji hutuma kadi za kura kutaja hadithi walizozipenda. Isiyopata kura hukatwa mapema, pengine hata miezi michache haijatimiza. Inayopata kura haiachwi ipumzike. Kwa hiyo ukiona hadithi inavutwavutwa kama jojo (simsemi JoJo wa Hirohiko Araki, yule ana kesi yake), usikimbilie kumlaumu mwandishi peke yake. Kuna watu wana mauzo ya kulinda.

Nitataja miisho humu. Anayeogopa kuharibiwa uhondo aruke aya.

Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa ndiyo ninayompa kila anayeniuliza aanzie wapi. Ilitoka kila mwezi, kuanzia 2001 hadi 2010, ikakamilika kwa juzuu 27, na nadhani ile nafasi ya mwezi mzima kati ya sura na sura inaonekana kwenye kazi yenyewe. Ndugu wawili, Edward na Alphonse, wanajaribu kumfufua mama yao kwa alkemia. Sheria ya alkemia ni moja: ukitaka kitu, toa chenye thamani sawa. Edward anapoteza mguu, mdogo wake anapoteza mwili mzima, kisha Edward anatoa na mkono ili roho ya Alphonse ifungwe ndani ya vazi la chuma la vita. Hayo unayajua mapema kabisa. Baada ya miaka 9 ya uchapishaji, Edward anatakiwa alipe tena ili mwili wa mdogo wake urudi, na anachotoa ni alkemia yenyewe, kipaji kilichomtambulisha tangu utotoni. Hakuna nguvu mpya inayoshuka kutoka mbinguni wala mzee anayeibuka na siri dakika za majeruhi. Sheria iliyotangazwa mwanzoni ndiyo inayofunga hesabu.

Na kuna Nina. Hata aliyesoma zamani ukimtajia jina hilo atanyamaza kidogo. Shou Tucker ni mtaalamu wa serikali wa kuunganisha viumbe, na kila mwaka lazima aonyeshe utafiti wake, la sivyo leseni inaondoka. Anawafungulia Edward na Alphonse maktaba yake, na binti yake Nina anacheza nao pamoja na mbwa wao mkubwa, Alexander. Siku moja Tucker anawaonyesha kiumbe kinachoweza kusema. Kiumbe kinarudia jina la Edward, halafu kinamwita kaka. Arakawa hapo hapigi kelele. Anamwachia Edward maswali matatu tu. Leseni ulipata lini? Miaka miwili iliyopita. Mkeo aliondoka lini? Miaka miwili iliyopita. Nina na Alexander wako wapi? Yule baba anageuka, na uso wake unasema yaliyobaki. Nimeona waandishi wakimwaga damu ndoo kwa ndoo bila kufika nusu ya ukurasa ule.

Arakawa alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, na kila anapojichora mwenyewe anajichora ng'ombe mwenye miwani. Baada ya alkemia alichora Silver Spoon, habari za kijana wa mjini anayejiunga na shule ya kilimo na kuanza kumlea nguruwe ambaye kila mtu anajua ataishia machinjioni. Vijana wengi huiruka kwa sababu haina mapanga. Aliyewahi kufuga hata kuku atakuwa na la kusema juu ya yule nguruwe.

Death Note: juzuu 12, na kwangu mimi iliisha la 7. Light Yagami ni kijana anayeua watu kwa kuandika majina yao daftarini, na L ni mpelelezi anayemsaka; L akishakufa, Light anabaki akicheza bao na kivuli. Tsugumi Ohba aliandika mchezo wa vichwa viwili, kisha akakitoa kimoja na kuleta wawili wa kugawana nafasi yake. Takeshi Obata aliendelea kuchora vizuri hadi ukurasa wa mwisho, kwa hiyo angalau macho yanakula.

Naruto ina mahali pa pekee moyoni mwa watu wa rika langu, na najua nitatukanwa. Ile safari ya kwanza, kwenye daraja pamoja na Zabuza na Haku, bado ni kazi safi ya Masashi Kishimoto: adui anakufa na wewe unamlilia adui. Tuliahidiwa kijana asiye na lolote, anayechekwa kijijini, atakayefika kileleni kwa jasho lake. Kadiri sura zake 700 zinavyosonga tunaambiwa baba yake alikuwa kiongozi wa kijiji, na yeye mwenyewe amerithi roho ya mwana wa mwanzilishi wa ninja wote. Jasho limekwenda wapi? Mtu pekee aliyebaki mwaminifu kwa ahadi ile ni ninja mwenzake Rock Lee, na Rock Lee alisahauliwa pembeni. Kisha vita kuu ya ninja, iliyokuwa ndefu kupita kiasi, inamalizwa kwa kumleta Kaguya, adui ambaye hadithi haikumwandaa vya kutosha. Ingefungwa baada ya vita na adui Pain, kidonda cha kisasi kikiwa wazi mezani, ningeiweka juu kabisa.

Dragon Ball nayo Akira Toriyama aliivuta kuliko alivyotaka, lakini yeye alikuwa na kipaji cha ajabu: hata akiboronga anaboronga kwa raha. Kuna kisa kinachojulikana kuhusu maadui wa enzi za Cell. Mhariri wake wa zamani, Kazuhiko Torishima, alilalamika kwamba maadui wapya ni mzee na mnene tu. Toriyama akaleta vijana wawili, 17 na 18. Torishima akalalamika tena kwamba hao ni watoto. Akaja Cell, naye akaambiwa ana sura mbaya, ndiyo maana anabadilikabadilika njiani. Ukijua hivyo, sehemu ile yote unaisoma ukicheka. Toriyama alifariki Machi 2024 akiwa na miaka 68. Ukitaka kujua alikuwa fundi kiasi gani, fungua mapigano yake yoyote usiyoyajua, usisome neno hata moja: utajua nani amerusha ngumi, imetua wapi, na aliyepigwa ameangukia upande gani. Wachache wanaoweza hivyo.

One Piece. Haya.

Eiichiro Oda alianza Julai 1997 akidhani atamaliza kwa miaka 5. Juzuu zimevuka 100, nakala zilizosambazwa zimepita milioni 500, na Luffy, stelingi wake haramia, bado yuko baharini. Kwa kipimo changu hii ingepaswa kuanguka mtihani, na kuna siku naiangusha kweli: kuanzia sehemu ya Dressrosa kurasa zimejaa watu, maneno na milipuko hadi kwenye kioo cha simu inabidi ukuze kila kisanduku ujue nani anaongea. Wanawake wake wote wana kiuno kimoja. Na stelingi hafi, hilo tunalijua, ila kwa Oda hata rafiki wa stelingi hafi. Watu hufa kwenye kumbukumbu za zamani, na mtu kama Ace, kaka yake Luffy, ni wa kuhesabika.

Lakini niambie ni nani mwingine aliyewahi kuizikia meli. Going Merry, ile jahazi yao ndogo yenye kichwa cha kondoo, imevunjika uti na mafundi wa mji wa Water Seven wamesema haitengenezeki. Inakuja peke yake kuwaokoa, kisha inapasuka katikati. Luffy anaichoma moto kwa mkono wake mwenyewe, theluji ikidondoka, na meli inawaomba radhi kwamba ilitamani kuwabeba mbele kidogo zaidi. Ni mbao tu zile. Oda aliweza kwa sababu alikuwa ametutembeza juu ya mbao hizo kwa miaka mingi. Kwenye hadithi ya juzuu 10 ukurasa ule usingekuwa na uzito. Kwa hiyo naendelea kusoma, huku nalalamika.

Sasa yule ninayemheshimu kuliko wote: Takehiko Inoue.

Slam Dunk ilitoka 1990 hadi 1996, juzuu 31. Hanamichi Sakuragi, mkorofi mwenye nywele nyekundu, anaingia timu ya kikapu ya Shohoku ili ampate msichana. Mechi ya mwisho, dhidi ya mabingwa Sannoh, inachukua juzuu kadhaa. Zikibaki sekunde chache maneno yanaondoka kwenye kurasa. Hakuna mtangazaji, hakuna mawazo ya mchezaji, hata milio ya viatu haimo. Viungo, jasho, macho. Rukawa, ambaye hajawahi kumpasia Sakuragi kwa hiari, anazibwa angani, na pembeni anamwona mwenzake amesimama tayari. Sakuragi ananong'ona kitu kimoja tu, alichofundishwa mazoezini, kwamba mkono wa kushoto ni wa kuegemeza mpira. Pasi. Mpira unaondoka. 79 kwa 78. Kisha hao wawili, wasioweza kuvumiliana hata dakika moja, wanapigana viganja kwa nguvu kwenye kurasa mbili zilizounganishwa.

Hapo ndipo simu inapotunyima. Mchoraji alipanga kurasa mbili zionwe pamoja kama kitu kimoja, mkono mmoja ukitoka kulia na mwingine kushoto, na wewe unaletewa nusu nusu. Geuza simu ilale, usiwe mvivu. Kusoma kutoka kulia kwenda kushoto wala si mzigo; aliyepita chuoni akasoma juzuu amma anaona ni jambo la kawaida tu, wanaohangaika ni wengine.

Ajabu ya Inoue ni kinachofuata. Mechi iliyofuata Shohoku wanafungwa vibaya, na hilo anakwambia kwa maneno machache tu kisha anaendelea na mambo yake. Hadithi ilikuwa inauzika kama maji. Angeweza kuchora ubingwa wa taifa kwa miaka mingine mitatu na Jump wangemshangilia. Akaweka kalamu chini.

Kisha 1998 akaanza Vagabond, maisha ya mpiga panga Miyamoto Musashi kutoka kwenye riwaya ya Eiji Yoshikawa, na huyo huyo aliyejua kuishia hajamaliza. Imesimama tangu 2015 ikiwa na juzuu 37. Musashi anaanza kama mnyama anayetaka kuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote chini ya jua. Sasaki Kojiro, adui anayemngoja, humu ni kiziwi, na Inoue anachora dunia isiyo na sauti kwa brashi na wino hadi unasikia ukimya. Sehemu ambayo mashabiki wengi huita ya kuchosha, ile Musashi anapokaa kijijini na yatima Iori akijaribu kulima ardhi iliyokufa, mimi naona ndiyo kilele. Mtu aliyeua makumi ya wapiga panga anashindwa na shamba. Wanakijiji wanaanza kufa njaa, na anakwenda kupiga goti kuomba chakula. Ikiwa Inoue hatairudia tena, mimi pale ningekubali paitwe mwisho.

Kuna zile zisizokamilika kwa sababu mwili umegoma. Kentaro Miura alianza Berserk 1989 akafariki Mei 2021, akiwa na miaka 54, mpiga panga wake Guts bado hajamfikia adui yake Griffith. Wasaidizi wake wa Studio Gaga wanaendelea tangu 2022 chini ya Kouji Mori, rafiki wa tangu shule aliyewahi kusimuliwa na Miura hadithi nzima, na Mori aliahidi kuandika yale tu aliyoambiwa. Nazisoma sura mpya kama mtu anayesomewa wosia. Michoro iko karibu sana na ya marehemu, ila vile visanduku vidogo ambamo Guts alikuwa anakaa tu karibu na moto bila kufanya chochote vimepungua. Anayetaka kuanza nimwonye: sehemu ya Golden Age ni tamthilia ya urafiki na tamaa ya ukubwa iliyosukwa vizuri ajabu, na inaishia kwenye ukatili, ubakaji ukiwemo, ambao si kila mtu anapaswa kuubeba.

Yoshihiro Togashi wa Hunter × Hunter anaumwa mgongo kwa miaka mingi. Hadithi ilianza 1998 na mapumziko yake yamekuwa hadithi nyingine. Wanaomkejeli mtandaoni wajaribu kwanza kukaa mezani na mgongo ule. Alimchukua mfalme wa wadudu wanaokula watu, Meruem, akamweka mbele ya Komugi, msichana kipofu mwenye kamasi anayejua kitu kimoja tu, mchezo wa Gungi. Mfalme anashindwa. Anashindwa tena. Kufikia mwisho wao unakuwa umesahau kwamba kuna mapigano nje. Maneno ni mengi mno humo, nakiri, kuna kurasa zinazofanana na hati ya mahakama.

Na Nana ya Ai Yazawa imesimama tangu 2009 kwa ajili ya maradhi yake. Wasichana wawili wa miaka 20, jina moja, treni moja kwenda Tokyo, kisha chumba kimoja. Wanaume wengi huikwepa wakidhani ni mapenzi tu. Ni mapenzi, ndiyo, na kodi ya nyumba, na bendi, na mimba isiyojulikana ni ya nani, na jinsi rafiki anavyoweza kukupotea hata bila ugomvi. Sijui manga nyingine iliyowachora watu wazima vijana kwa ukweli hivyo.

Attack on Titan ya Hajime Isayama, habari za wanadamu waliojifungia nyuma ya kuta kuyakwepa majitu yanayokula watu: juzuu 34, 2009 hadi 2021. Kugeuza kamera baada ya siri ya ghorofa ya chini ya nyumba ya stelingi Eren, tukavushwa bahari na kuanza upya tukiwa na watoto wa adui, Gabi na Falco, ni ujasiri ambao wachache wangethubutu. Mashabiki walimchukia Gabi kwa kufanya yaleyale waliyomshangilia Eren kwa kuyafanya, na nadhani Isayama alikaa akisubiri hilo. Mwisho ndio uliomshinda. Eren ameua asilimia 80 ya wanadamu, halafu tunaombwa tumhurumie kwa sababu alimpenda Mikasa, msichana aliyekua naye. Aliniacha njia panda.

Naoki Urasawa ana matatizo ya miisho pia, isipokuwa kwenye Monster. Daktari Tenma wa Düsseldorf anaacha kumpasua meya ili amwokoe mtoto aliyefika kwanza. Mtoto akakua akawa muuaji. Juzuu 18 za kumtafuta, na mwisho ni kitanda kitupu. Bora hivyo. 20th Century Boys ilihitaji juzuu 22 na nyongeza mbili, na bado nilitoka nikijikuna kichwa.

Demon Slayer haina michoro ya kustaajabisha, katuni ya televisheni iliipiku mbali, lakini Koyoharu Gotouge aliifunga Mei 2020 kwa juzuu 23 ikiwa ndiyo habari ya mjini Japani nzima. Miezi mitano baadaye ikaja filamu iliyovunja rekodi za mauzo nchini humo. Mwandishi alikuwa ameshaaga. Heshima.

Kwa wanaopenda kuchimba mizizi, Osamu Tezuka alichora Jungle Taitei, habari za simba mweupe Leo, kati ya 1950 na 1954, ikiwa ndani ya Afrika. Mnyama mmoja mmoja ana utu, safari ya mwisho kwenye Mlima Mwezi inasisimua, na jina hilo kwetu huku linaivuta akili moja kwa moja hadi Ruwenzori. Waafrika wenyewe, hata hivyo, wamechorwa midomo minene na macho ya kutumbua, mtindo aliouokota kutoka katuni za Magharibi, na wachapishaji siku hizi huweka tangazo la kueleza enzi zile. Soma tangazo, soma na kitabu, na usijilazimishe kukipenda. Mimi nampenda Leo, sipendi picha zangu.

Barefoot Gen ya Keiji Nakazawa nitaitaja kwa haraka kwa kuwa ni nzito. Alikuwa na miaka 6 Hiroshima ilipopigwa bomu Agosti 1945, na baba yake, dada yake na mdogo wake walikufa chini ya nyumba iliyoanguka. Ilianzia kwenye Jump hiyo hiyo, mwaka 1973. Ukiisoma, usiisome kwenye daladala.

Nikichoka na yote haya nafungua Yotsuba&! ya Kiyohiko Azuma. Mtoto wa miaka 5 anahamia mtaa mpya na baba yake wa kulea. Anakimbiza nyenje, anatumwa dukani, anaogopa alama yenye umbo la jicho. Haina adui, haina siri, haina inakokwenda, na kipimo changu chote hapa hakina kazi. Juzuu la 14 lilitoka 2018, la 15 likaja 2021. Azuma ana haraka ya nini?